Mapipa ya Chokaa ya Bwana Bata

Basi jamani, Mama Ngawa alikuwa nahodha mwenye pua kali, na Bata Bukini alikuwa bwana sheria, kaletwa na serikali ya ng'ambo. Bandarini Bata akamnyang'anya Ngawa hata chetezo chake cha ubani. "Moto marufuku chomboni!" Halafu yeye huyo huyo akapakia mapipa ya chokaa kavu, ile isiyozimwa bado kwa maji.

Ngawa akanusa. "Bwana, hii ikiguswa na maji inawaka. Wanangu wamelala humo chini!"

"Mzigo wa serikali hauna hatari, mama. Sheria imesema."

Haya, wakaingia kwenye ukungu, chombo chaelea kama nacho kimelala. Maji ya bahari yakapenya taratibu mpaka mapipani. Moshi mweupe ukapanda, laini kama mawingu, Bata akautazama huku anatabasamu, mpaka mbao zikamchoma nyayo.

"Tupa! Tupa yote!"

"Mzigo wa serikali, bwana?"

"Wa hatari huo, mama! Tupa!"

Ngawa akawatoa wanawe kwanza, ndipo akasukuma mapipa. Wee! Bahari ikachemka nyeupe kama uji, watoto wanapiga makofi.

Mpaka leo, Bata akisema mzigo fulani ni salama, abiria humwambia, "Haya bwana, tangulia ukaukalie!"