Vyuma vya Kuteremkia Ilemba

Juu ya gunia, Basil fundi alipanga jozi mbili za vyuma vya kushikia springi za nyuma za Landrova. Jozi moja aliifua baba yake. Nyingine ilitoka dukani, inang'aa, ila chuma kimoja kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

Mwenye gari, bwana aliyesimamia kuchomwa kwa nyumba za kina Basil ili wahamie kijiji cha ujamaa, aliinama.

"Nateremka mlima mkali kwenda Ilemba. Ndugu fundi, ungekuwa unamsafirisha mama yako, ungefunga ipi?"

Mama yake Basil alifia kwenye lori la kuhamia, blanketi lake bado linanuka moshi.

Basil alichota grisi kwa kidole gumba, akaupaka ufa taratibu mpaka ukapotea.

"Hii ya dukani, ndugu."