Soprano ya Ukutani

Ua jekundu lilifumuka ukutani, likatetemeka, kisha likanywea. Mwalimu wa kwaya akafumba macho kwa raha, mkono shavuni.

"Hiyo ni soprano," akamwambia mama aliyekaa kando yake. "Huyo dada kajaaliwa koo. Ningempata mimi, tungebeba kombe kila mwaka."

Kliniki ya meno ilikuwa imepata ustaarabu mpya. Kila anayesubiri alipewa hedifoni zenye muziki laini wa mtandaoni, na mbele yake runinga kubwa ya ukutani ikichora maua na mawimbi ya rangi. Kilichomleta Mwalimu ni gego moja tu. Tamasha lilikuwa Jumamosi, yeye ndiye mwimbaji kiongozi, na mdomo haukufunguka zaidi ya upana wa kidole. Mara mbili alishafika hapa akatoka mbio kwa woga. Leo, kwa ajili ya michoro ile, alitulia kama maji mtungini.

Mama akasogeza hedifoni. "Mwalimu, mbona wimbo umeisha, na ua bado linacheza?"

"Huo ni mwangwi, mama. Sikio la kawaida haliunasi." Mwalimu hakuwa mtu wa kukosa jibu. Asilolijua alilisema kwa sauti kubwa zaidi.

Dada wa mapokezi akacheka. "Mimi simo. Muziki unatoka kwenye simu yangu. Hiyo michoro kaifungua daktari mwenyewe kwenye kompyuta yake huko ndani, ndiyo inayorushwa hapa runingani. Ukurasa ukamuuliza maswali, mara kipaza sauti, mara nini, yeye akabonyeza ndiyo, ndiyo, bila kusoma. Ana haraka yule, hata ganzi haisubiri."

Mlango ukafunguka. Akatoka muuza nyama, jitu la miraba minne, pamba mdomoni na macho yamemwiva. Akapita bila kumsalimia mtu.

"Majivuno hayo," akanong'ona Mwalimu.

Jina lake likaitwa. Akaingia kifua mbele, akipanga kumuuliza daktari mwimbaji yule anapatikana wapi.

Ndani hakukuwa na muziki hata chembe. Kompyuta ilikaa juu ya kabati, jirani na kiti, na ua lilikuwa limelala kwenye kioo chake. Daktari akamdunga sindano, akashika koleo papo hapo.

"Panua mdomo," akasema, na ua likashtuka kidogo.

Mwalimu akaguna. Ua likashtuka tena. Akalikodolea macho, akataka kusema neno, lakini koleo lilishatangulia.

Sauti iliyomtoka hakuwahi kumfundisha mwanakwaya yeyote. Ua jekundu likajaza kioo chote, na nesi alipofungua mlango kuleta pamba, makofi ya wagonjwa yakamfikia pale kitini.