Panga la Ijumaa

Meno ya Kahonzi yalizama mkononi mwa Cynthia, yakabaki humo mpaka panga likaachiliwa. Akalinyakua, akalitazama, akalitupa majanini. Cynthia alishika kifundo cha mkono, damu inachuruzika vidoleni, kilio cha kukata maini.

Ijumaa ni siku ya kufyeka uwanja, na watoto wa Kakuyuni huja shule na mapanga ya kwao. Hii ilikuwa Ijumaa ya tatu Kahonzi akimwaga damu. Ile iliyopita alimpasua Nzai mdomo kwa kiwiko. Ya kabla yake alimvunja mvulana mkubwa jino. Kisa hichohicho, panga.

Mwalimu mkuu akasema afukuzwe leo leo.

"Mchelea mwana kulia hulia yeye, Viola," akamwonya mwalimu wake wa ushauri.

Viola alikasirika wala hakuficha. Yeye ndiye aliyesomea habari za watoto waliojeruhiwa nafsi, na ya mtoto huyu aliyajua. Ulikuwa mwezi wa tatu tangu watu waliofunika nyuso wamvamie mzee Mwambire shambani, ati mchawi, wakamkatakata kwa panga lake mwenyewe, wakatokomea nalo. Kahonzi, mjukuu wake, alijibanza nyuma ya ghala akaona yote. Sasa mtoto kama huyo akiona panga atulie vipi jamani? Hofu ile! Na akifukuzwa, atakwenda kwa nani? Viola akaomba wiki moja tu, akapewa.

Akamfundisha kuvuta pumzi polepole, kuhesabu, kutaja vitu vitano anavyoviona. Kahonzi alitii kila kitu.

Ijumaa ilipofika, Viola alichukua panga la mumewe, Nyale, ambaye siku hizi halali bila kuliweka uvunguni mwa kitanda, akaenda nalo shule. Alifunga mlango wa ofisi, akaliweka mezani taratibu.

"Ni chuma tu, mwanangu. Lishike. Halina neno."

Kahonzi hakung'ata mtu. Alilishika, akaligeuza, kidole chake kikapapasa mpini hadi mwisho kabisa, penye nyota ndogo iliyochongwa kwa kisu. Viola akafurahi mpaka machozi yakamlengalenga.

"Nyota hii nilimchongea babu mimi," Kahonzi akasema. "Nimelitafuta mikononi mwa kila mtu, mwalimu. Kumbe liko kwako."