Shujaa wa Mikanda Arobaini

Kinyonga alikuwa fundi wa michezo ya video, na hakuna mnyama aliyemshinda kwa rangi. Mchezo wake wa kwanza ulikuwa wa kimaskini: shujaa alikuwa nukta nane tu, akizunguka nchi nzima kumtafuta dada yake aliyepotea. Wanyama waliucheza mpaka vidole vikaota sugu.

Miaka kumi baadaye Kinyonga alileta mchezo mpya. Shujaa sasa alikuwa na mikanda arobaini, mabawa ya dhahabu na nywele zilizopepea moja moja. Akamwita Komba, mchezaji wake wa siku zote, aujaribu kabla ya wengine.

Komba alicheza kutwa. Kinyonga alipomrudia akamkuta analia, akafurahi.

"Nimekugusa moyo, eh? Ni yale mabawa?"

"Hapana, fundi. Nimemkumbuka yule wa nukta."

"Yule? Hakuwa hata na uso!"

"Hakuwa nao, lakini nilijua anamtafuta nani. Huyu nimezunguka naye tangu asubuhi, wala sijui anataka nini. Niambie, nami nitaendelea."

Kinyonga akaigeukia mashine. Akaitazama ile mikanda, mmoja baada ya mwingine, kana kwamba jibu limefungwa humo. Halikuwemo. Miaka yote kumi alichora tu, asijiulize.

Akazima mashine, akaketi karibu na Komba.

"Nisimulie ule wa zamani," alisema kwa sauti ndogo. "Nimesahau dada yake alipoteaje."

Komba akafuta machozi, akaanza kusimulia, na Kinyonga akasikiliza hadi akasahau kubadilika rangi.