Zimwi la Godoro

Zimwi lilikuwa godoro kuukuu lililopakwa rangi ya kijani, na ndani yake alikuwa Shomari, kaka yake Semeni. Zipu iliharibika asubuhi, kwa hiyo walimshonea humo humo, mwili mzima hadi kichwani.

Semeni, shujaa wa filamu hiyo ya televisheni, akalitandika fimbo ya mwisho. Likaanguka kama walivyofanya mazoezi. Kisha likaanza kujikwaruza shingoni, jambo ambalo hawakulifanyia mazoezi kamwe.

"Semeni," likakoroma. Hilo halikuwa jina lake la kwenye filamu.

Akatupa fimbo, akapiga magoti na kuukata uzi wa mshono kwa meno, huku akilia.

"Usizime kamera!" mwongozaji akamnong'oneza mpiga picha kwa furaha. "Sogea, chukua machozi hayo."

Uzi mmoja ukakatika, kisha wa pili. Mkono wa sponji uliokuwa umeng'ang'ania sketi yake ukalegea kabla wa tatu haujakatika.