Kazi Iliyomshinda Fundi

Fundi aliitumbukiza fremu ndani ya ndoo kubwa, akaimwagia misumari mpaka ikapotea, akafunika kwa gunia. Ndipo akampigia mteja simu kumwambia kwamba kazi imemshinda.

Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka thelathini kwa neno hilo kutoka kinywani mwake. Ukutani kulikuwa na maandishi ya rangi nyekundu, HAKUNA KINACHOSHINDIKANA HAPA, na mtaa mzima ulijua hayakuwa majigambo. Shida ni kwamba miaka yote hiyo watu walimletea mageti, grili za madirisha na miguu ya vitanda tu. Alikuwa na mkono wa kufanya makubwa, nao ulikuwa unazeekea kwenye mageti. Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyopenda kukiri.

Kisha akaja mteja huyo, mama wa miwani, na mchoro wake. Alitaka fremu ya chuma ya kigari cha rimoti, kile cha kupanda majabali, urefu wake toka kiwiko hadi ncha za vidole. Aliacha pia sanduku lenye magurudumu, mota na springi, ili fundi apimie. Hakuuliza bei. Alisema tu kwamba ikimshinda amwambie, na fundi akacheka kwa adabu.

Alianza kwa dharau, kama mtu mzima aliyepewa mdoli ashike. Bomba lenyewe lilikuwa jembamba kuliko penseli. Mashine ya umeme ya kuchomelea ingelitoboa, kwa hiyo akaunga kwa gesi na shaba, kwa mwali mdogo kabisa. Alipigilia misumari kwenye ubao kufuata mchoro, akakunja mabomba humo moja moja kwa mkono. Bomba la tano likamgomea. Likikaa pale mchoro ulipotaka, mota haiingii. Alipima mara tatu, akaukodolea macho mchoro, akaguna, kisha akalisogeza nyuma milimita nne kwa akili yake mwenyewe. Mota ikaingia bila kusukumwa.

Siku ya nane alifunga magurudumu, akakipeleka kigari nyuma ya karakana kwenye lundo la kokoto na matofali mabovu. Kikapanda. Gurudumu moja lilining'inia hewani, fremu ikainama, ikajinyoosha, kikasonga mbele, wala tumbo halikukwama popote. Fundi alijikuta amepiga magoti vumbini, anakibembeleza kwa maneno. Mkewe alimtazama kutoka mlangoni.

"Baba watoto," alisema, "hata mimi hukunitazama hivyo siku ya harusi."

Ilikuwa kweli.

Hapo ndipo fundi alipojua kwamba hatampa mteja fremu ile. Aliipenda, basi. Magurudumu angejitafutia mengine, lakini fremu ingebaki, na kama ilibidi jina lake livunjike, na livunjike.

Mteja alifika saa nne asubuhi akitokea kwa Chapuchapu, fundi wa ng'ambo ya barabara, ambaye maungio yake yanafanana na uji uliofurika jikoni. Kwapani alibana kifurushi cha gazeti. Chapuchapu naye alimfuata nyuma, kwa kuwa habari ilikwishavuja na hakutaka kupitwa.

"Kwa hiyo imekushinda," mteja alisema.

"Imenishinda, mama."

Chapuchapu alicheka mpaka akashika nguzo. Fundi alimkabidhi mteja sanduku lake, akaomba moyoni aondoke upesi.

Mteja hakuondoka. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akataka kujua ni wapi hasa palipomshinda. Fundi akasema la kwanza lililomjia: bomba la tano, likikaa kama lilivyochorwa, mota haiingii.

Mteja akavuta kigoda, akaketi. Alieleza taratibu kwamba yeye ni mhandisi, kwamba kosa la bomba la tano alilichora makusudi, na kwamba mchoro ule aliugawa kwa mafundi saba, kila mmoja na sanduku lake. Sita wamemletea fremu, ya mwisho ikiwa hiyo ya kwapani, wakiapa kwamba wamefuata mchoro na kila kitu kimeingia. Chapuchapu aliacha kucheka. Mhandisi akaendelea kwamba kampuni yake inaanza kuunda magari kamili ya aina hiyo, ya kuokolea watu milimani, arobaini kwa kuanzia, na fremu zote zitakuwa za mabomba, za kuchomelewa kwa mkono.

Hiyo ndiyo kazi aliyoisubiri fundi tangu ujana wake, na sasa imeingia yenyewe mlangoni na kuketi kwenye kigoda. Alifungua kinywa aseme yote, fremu ilipo na alivyolisogeza lile bomba.

"Nilijiapia," mhandisi alisema, "nikikutana na mwongo wa saba, mradi nauvunja."

Fundi akafunga kinywa.

"Utaanza Jumatatu. Kuchomelea nitamwachia jirani yako. Mwongo, ndiyo, lakini ana kasi. Wewe chuma kimekushinda na ukasema, kwa hiyo utakuwa mkaguzi wake." Alisimama, akampa mkono. "Una ofisi yako, fundi, ina feni, na mashine hutaigusa tena maisha yako yote."