Waandishi Waoga

Mjinga wa siku ile alikuwa fundi makochi, na mwenyewe hakatai. Alisimama bila kuitwa, akakohoa kama mgeni rasmi, akawatangazia wasomaji waliokusanyika maktaba kwamba waandishi wa siku hizi ni waoga.

"Waoga wa nini?" mkutubi akauliza.

"Wa kuua."

Watu wakacheka. Fundi akapanda mori. Akaanza na riwaya ya upelelezi iliyokuwa mezani. Imeanza vizuri, alisema. Mtoto ametekwa, polisi hawalali, msomaji hapumui. Halafu mwishoni mtoto anakutwa jikoni kwa jirani, anakula mkate!

"Mimi natokwa jasho kitabu kizima, kumbe mwenzangu anakula mkate?"

Mkutubi akamtazama mwalimu mstaafu. Mwalimu akavua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

Fundi hakuona. Alishahamia riwaya ya mapenzi. Homa imeingia nyumbani kwa wale wapenzi, mtoto hali, daktari anatikisa kichwa. "Kulipokucha, mtoto anaomba viatu akacheze! Homa gani hiyo inayoaga kama mgeni mwenye adabu?" Na ile ya mizimu ndiyo iliyomtia aibu kabisa. Kitoto kinalia darini, watu wazima wanahama vyumba, kumbe ni paka. "Paka, jamani! Na ndevu zangu hizi nimeogopa paka!"

Safari hii hakucheka mtu.

"Fundi," mwalimu akasema taratibu, "yule wa kwanza hawakumkuta jikoni. Walimkuta kisimani."

"Kisima kipi?"

"Na wa homa alizikwa," akaongeza mama muuza dawa. "Nililia mpaka mume wangu akaja mbio, akidhani nimefiwa."

"Na paka je?"

"Hakuna paka, fundi. Ni mtoto wao, marehemu."

Hapo ndipo kicheko kilipopasuka. Mmoja akamuuliza kama vitabu alivisoma au aliviota. Fundi akacheka nao, maana aliyeanguka mbele za watu heri awahi kucheka yeye. Lakini masikio yalimwaka moto, na masikio ndiyo yaliyosoma.

Kwa kweli vitabu vile hakuvifungua hata kimoja. Mikono yake ilikuwa na kazi: kuvuta ngozi, kujaza sponji, kupitisha sindano ndefu. Mkewe ndiye aliyeazima vitabu, akakaa katika karakana yao juu ya kochi lolote lililokuwa linasubiri kitambaa, akamsomea, kisha akavirudisha mwenyewe. Wateja walizoea kungoja nje mpaka sura iishe. Zamani fundi alimwita mkewe kwa jina la mtoto wao, mama wa fulani, kama watu wote wanavyoitana. Siku hizi alimwita bibie tu, na mafundi wenzake walidhani ni mahaba.

Sauti ile ilikuwa starehe yake pekee. Sasa alitembea kurudi nyumbani huku akijiuliza katika yote aliyowahi kusomewa lipi lilikuwa la kweli. Akakumbuka pia jinsi mkewe alivyomzuia asubuhi: "Kikao cha nini? Maliza kochi la watu."

Alimkuta karakana, amekaa juu ya kochi lililo uchi, kitabu kipya magotini.

"Bibie, leo nimevuliwa nguo hadharani."

"Pole. Nani kakuvua?"

"Paka."

Mkewe akafunga kitabu polepole, kidole kikabaki ndani.

Fundi akaketi, akaokota sindano, akaitoboa ngozi kama iliyomtukana. "Kumbe muda wote unanidanganya."

"Nilikuwa nakusomea."

"Kusoma gani? Mule mna kisima, mna kaburi. Wewe umenilisha mkate!"

"Na ulishiba."

"Usinichekeshe, nimekasirika." Sauti yake ikapanda, ikavunjika katikati, akaipandisha tena. "Unanibeba kama yai. Kila nikikohoa unaniuliza kama nimelala vizuri. Nikinyamaza unaniletea chai. Nimechoka kuhurumiwa! Nilichokibeba mimi ni kizito kuliko vitabu vyote vya maktaba ile, na bado nimesimama. Hadithi zenyewe za kutunga, watu wenyewe hawapo. Unaogopa nini?"

Nje mteja alichungulia, akaona nyuso zao, akaondoka bila salamu.

"Kuanzia leo," fundi akasema, sindano ikiwa imekwama mkononi, "soma kilichoandikwa. Mtoto akifa, niambie amekufa. Sitaanguka. Acha kunionea huruma."

"Nani kakwambia nilikuwa nakuonea huruma wewe?" Mkewe akasimama, akamwekea kitabu mapajani. "Nilipanda gari nikakufuata mpaka kule ulikokuwa unashona viti vya hoteli. Nikakukuta umeshika sindano hivyo hivyo, nikakwambia habari za mwanetu. Kinywa changu kilishazisema mara moja, baba. Sirudii."